Napeleka boflo kwa baskeli njia ya Bububu: nikae wapi gari zikinijia nyuma?

Mpeleka Boflo

Assalaam alaykum. Kazi yangu ni kupeleka boflo madukani kwa baskeli. Nachukua mkate Kibweni, hapa Unguja, alfajiri, kiza bado kipo, nashuka na njia ya Bububu kupita Mtoni na Maruhubi hadi Kinazini, kisha nagawa Mlandege na Michenzani. Nyuma nina sanduku la mbao, pana kuliko mabega yangu.

Mzigo nimeuzoea. Kinachonitesa ni safari ya pili, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, daladala zinapogombania abiria na kila mtu anawahi kazini. Wananijia nyuma, mkono hautoki kwenye honi. Nikijibana pembeni wananipita hapo hapo na huku gari nyengine inakuja mbele. Wiki iliyopita gari moja ya noa ilinipita karibu mpaka kioo chake kikakwaruza sanduku. Baskeli ikayumba, tairi la mbele likaingia mchangani pale lami ilipomeguka. Sikuanguka, Alhamdulillahi, lakini mikono ilinitetemeka mpaka nafika dukani.

Mwenye tanuri ananambia nijibane mwisho kabisa wa lami. Mimi naona nikijibana ndio napitwa karibu zaidi. Wenye uzoefu nambieni, nikae wapi?

Kijana wa Amani

Pisha tu kaka. Ukisikia honi shuka, ikishapita panda. Gari huiwezi.

Mpeleka Boflo

Kaka, sanduku likiwa limejaa nikashuka kwa kila honi, boflo zitafika watu washakunywa chai.

Fundi Baskeli Jang'ombe

Mwanangu, umeona sawa, na mwenye tanuri umweleze kwa adabu. Ukienda ukingoni dereva anaona njia nyeupe, anajipenyeza baina yako na gari inayokuja bila ya kugusa breki. Ukikaa ndani ya lami, kiasi cha urefu wa mkono kutoka ukingoni, hapo inambidi akate shauri: asubiri, au ahame kweli kweli. Na wewe ukishtuliwa unabaki na pa kukimbilia. Aliyekwisha kuwa ukingoni, kilichobaki ni mtaro.

Pale pembamba, ambapo gari mbili zikipishana hapabaki nafasi ya mtu, ingia katikati ya upande wako mpaka upapite. Pakipanuka rudi kushoto uwape njia na uinue mkono kushukuru. Lakini kabla hujasogea ndani, geuza shingo utazame nyuma. Masikio hayatoshi, upepo wa Maruhubi unakula sauti. Na dereva akikuona uso anajua unataka kufanya jambo.

Wenzetu wameyaandika haya kabisa. Kanuni za barabara za Uingereza, tangu zilivyorekebishwa 2022, zinamtaka dereva aache angalau mita 1.5 anapompita mpanda baskeli kwa mwendo wa hadi maili 30 kwa saa, kama kilomita 48, na aache zaidi akiwa kasi zaidi. Ufaransa ni mita 1 mjini na 1.5 nje ya mji. Twaa tepu ya seremala upime mita moja na nusu kutoka kwenye usukani wako, uone inafika wapi. Kwenye njia kama ya Bububu haipatikani kama kuna gari inakuja. Jawabu ni dereva kungoja, na sekunde chache hazimpotezei kitu.

Sasa hilo sanduku. Baskeli za mzigo zinazokuja kwangu nyingi zina rifleka nyekundu pale pale ilipotoka kiwandani, kwenye madigadi ya nyuma, na sanduku limeifunika yote. Mwenyewe anaamini anaonekana. Gari ya nyuma haioni kitu ila ubao mweusi unaotembea kizani. Ing'oe uigongomee nyuma ya sanduku, tena ziwe mbili, moja kila pembe, dereva ajue upana wako. Ubao wenyewe upake rangi nyeupe. Taa nyekundu ukipata, ifunge hapo hapo.

Na masika yakiingia, raba za breki zikirowa hazishiki mpaka tairi lizunguke kidogo likauke. Anza kubana mapema, ulegeze, ubane tena.

Nimeliwacha Usukani

Nimeendesha daladala ya 502, ya njia hiyo ya Bububu, miaka mingi, nisikilizeni upande wa pili. Dereva ana hesabu ya tajiri, jioni lazima aipeleke. Akiona mtu kanyanyua mkono mbele ya kituo, anakatia kushoto papo hapo, na baskeli iliyo ubavuni haipo tena kichwani mwake. Sisemi ni haki. Si haki, na waliobaki kazini nawaomba wabadilike, maana yule wa baskeli naye anatafuta riziki kama wao.

Kijana, daladala ikisimama usiipite kushoto hata siku moja. Huko ndiko abiria wanakoshuka, na utingo anaruka kabla gari haijatulia. Hizi za mbao za kushukia nyuma, zile chai maharage, usizigande pia. Mama anashuka kinyumenyume na kapu lake, hakuoni. Ngoja nyuma, au tazama vizuri upite kulia. Ukisikia utingo kagonga bodi, usianze kupita, gari inaondoka.

Honi fupi moja maana yake nipo nyuma yako. Usikurupuke kwenda mchangani kwa sababu yake, shika mstari wako. Ndefu isiyokatika, huyo haji kungoja: ukiwa na pahala pazuri pa kupisha, mpishe.

Na Ramadhani baada ya alasiri muwe na hadhari mara mbili. Kila mtu anakimbilia futari, na njaa imepunguza subira.

Mwalimu wa Wete

Naungana na fundi, ila kwetu Pemba niongeze. Barabara ya Chake kuja Wete ni vilima na kona. Msimu wa karafuu watu wanaanika kando ya lami, majamvi mpaka kwenye ukingo, kwa hiyo wanafunzi wangu wenye baskeli hawana hata huo ukingo wa kujibania. Nawafundisha wasingoje wafike kwenye jamvi ndio wachepuke ghafla. Waingie ndani mapema, wanyooshe mkono wa kulia, wapite, warudi. Bora gari ingoje kidogo nyuma yao kuliko wao kuchepuka ghafla mbele yake.

Wasichana wa buibui: pindo libanwe, na kava la cheni lisitolewe. Fundi akisema linapiga kelele, mwambieni alinyooshe, asilitupe.

Mpeleka Boflo

Allah awalipe kheri nyote. Nimeshagongomea rifleka mbili na nimepaka rangi. Leo nimekaa ndani ya lami kutoka Mtoni. Honi nimepigiwa, lakini walikuwa wanapunguza mwendo kwanza. Swali la mwisho, raundi abauti ya Michenzani. Nazunguka kwa nje na gari zinanikatia mbele zinapotoka.

Fundi Baskeli Jang'ombe

Kwa nje kabisa ndipo unapokatiwa, kwa sababu kila anayetoka anapita juu yako. Kabla ya kuingia wape njia wanaotoka kulia kwako. Ukiingia, kaa katikati ya mstari wako mpaka uipite njia ya mwisho kabla ya yako, ndipo unyooshe mkono wa kushoto utoke. Zikiwa zimebanana na sanduku limejaa, shuka uvuke kwa miguu. Na ulete baskeli Ijumaa baada ya sala nizitazame raba za breki, sikutozi.