Ligi ya kazini ya AFL: nimuuze Gawn, nimuuze English, au nibaki nao wote wawili?

KuliWaLaverton
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka, maana jamaa ninayefanya naye shifti anataka jibu kabla vikosi havijatangazwa Alhamisi jioni.

Tuna ligi ya fantasi ya AFL (ligi kuu ya mpira wa Australia) pale ghalani: kila mtu ana wachezaji halisi, na wanavyocheza wikendi ndivyo anavyopata pointi. Timu yangu imeegemea upande mmoja. Maruki (wale warefu wanaorukia mpira unaporushwa) ninao wawili wazito, Max Gawn na Tim English. Viungo si haba. Mabeki, ukimtoa Aliir Aliir, ni wa kuokoteza, na mafowadi ndiyo usiseme kabisa. Jamaa ameniletea ofa mbili:

1. Nimpe Gawn, anipe beki Lachie Whitfield na fowadi mmoja kijana ambaye bado hajashika namba klabuni kwake.
2. Nimpe English, anipe kiungo Zak Butters. Mtu kwa mtu.

Ya tatu ni ya kwangu mwenyewe: nikae kimya, nisubiri. Niko nafasi ya sita. Ninyi mngefanyaje?

mama_footscray
Nafasi ya sita kati ya wangapi? Mnahesabu pointi kwa mfumo gani? Msimu ukiisha mnaanza upya ama mnabaki na wachezaji? Sasa hapo umetuacha kwa mataa halafu unataka tukuambie barabara ni ipi.

Msukuma_Perth
Ruki hauzwi. Nimemaliza.

NairobiMagpie
@Msukuma_Perth hiyo si hoja, hiyo ni tangazo.

Mimi ningemuuliza huyo jamaa kama ana Nick Daicos, yule kiungo nyota wa Collingwood. Kama anaye, mpe Gawn, mpe English, ongeza na chakula cha mchana cha wiki nzima.

KuliWaLaverton
Tuko kumi. Daicos hauzwi, mwenye naye ni bosi. Pointi ni zile za kawaida tu.

mama_footscray
Za kawaida zipi? Kuna mbili za kawaida, na hapo ndipo jibu lako lilipo.

Kwa hesabu ya AFL Fantasy, teke ni 3, pasi ya mkono 2, kudaka 3, taklo 4, goli 6, ruki akigusa mpira wa kurushwa 1. Haijalishi mpira umeenda wapi. Mtu kama Whitfield anadaka nyuma bila kusumbuliwa, anapiga teke, tayari 6. Anarudia. Mfumo huo unawapenda mabeki wa aina yake.

SuperCoach ni kitu kingine. Kule kila mechi ina pointi 3,300 zinazogawanywa, na wanaangalia ubora: mpira ulioupigania, pasi iliyofika, mpira ulioukatiza. Gusa ya ruki iliyomfikia mwenzake ina thamani kubwa kuliko ile iliyoangukia adui. Gawn kule ni dhahabu, na hata huyo Aliir wako anapanda bei kwa ile kazi yake ya kukata mipira mirefu.

Rudi ukatuangalizie.

BwanaMdogo_Dandenong
Asante dada, leo nimeelewa kwa nini beki wangu anapata 110 upande mmoja na 78 upande mwingine kwa mechi ileile.

KuliWaLaverton
Nimeangalia. Ni ya AFL Fantasy. Halafu msimu ukiisha kila mtu anabaki na wachezaji wanne.

NairobiMagpie
Unabaki na wanne!! Buda, hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ya kwanza ya uzi, si ya post ya nane.

Gawn amezaliwa Desemba 1991. English ni wa 1997. Butters ni wa 2000. Kama mnabaki na watu, basi hapa unanunua miaka, si pointi za wiki hii. Muuze Gawn leo, wakati bado kuna mtu anamtaka.

Msukuma_Perth
Mnamzika mtu yuko hai. Ruki huchelewa kuiva na huchelewa kuzeeka, kila mtu anayefuata mpira huu analijua hilo. Kijana wa miaka 20 anayeanza uruki anasukumwa tu na wanaume. Gawn ana miaka yake bado.

Na nyie mnaosema ampe Gawn apate Whitfield, mmemsoma Whitfield umri? Ni wa 1994. Miaka mingapi mnaikomboa hapo? Miwili na ushee. Kwa hiyo tuseme ukweli, ofa ya kwanza ni Gawn kwa Whitfield na fowadi wa bahati nasibu.

Baba_Esther_Shepp
Ba ndugu, mimi naonaka hivi. Kabla ya kuuza mutu, uliza kwanza ni sababu gani ule mwenzako anamutaka. Hakuna mutu anakupaka kitu cha bure.

ZamaniNilichezaFutsal
@Baba_Esther_Shepp umenigusa kidonda mzee wangu. Ngoja niwasimulie.

Ligi yetu ya zamani, kazi nyingine, mtaa mwingine. Nilikuwa wa pili, nakimbizana na wa kwanza. Nina viungo wamejaa, nikiweka mmoja benchi roho inauma. Beki sina. Jumatano usiku mwenzangu wa ofisini, mtu mpole, tunagawana hata chumvi, ananiandikia: nipe kiungo wako wa tatu, nikupe beki wangu wa kwanza. Nikaona huyu kapotea njia. Beki yule kila wiki alikuwa hashuki 90. Nikauliza mara mbili, "una uhakika?" Akasema anataka kusawazisha timu. Neno hilohilo, kusawazisha. Nikabonyeza kukubali kabla hajabadili mawazo.

Alhamisi vikosi vinatoka, beki wangu mpya hayumo. Msuli wa nyuma ya paja. Nikasema sawa, ni wiki mbili tatu. Ijumaa klabu inatoa taarifa, jeraha limefika kwenye kano, atafanyiwa upasuaji, msimu kwake umekwisha.

Sasa sikilizeni hii. Wiki iliyofuata tunakula chakula cha mchana, mwingine anauliza kwa utani tu, "hivi yule shemeji yako bado anafanya kazi klabuni?" Mtu mpole akainama kwenye sahani. Shemeji mtu alikuwa anafanya kazi ya vifaa katika klabu ileile. Jumatano mchana alishajua.

Nikampelekea malalamiko msimamizi wa ligi. Akasema biashara imekamilika, na kanuni hazisemi chochote kuhusu mashemeji. Nikamaliza wa nne. Kikao cha mwisho wa msimu sikwenda, na hadi leo nikipewa ofa siku ya Jumatano sijibu.

BwanaMdogo_Dandenong
Shemeji wa vifaa 😂😂😂 nimecheka mpaka mtoto kaamka.

mama_footscray
Pole sana. Lakini msimamizi alikosea. Ligi yoyote yenye pesa ndani inafaa kuwa na saa 24 za watu kupinga biashara. Yetu inahitaji kura nne tu kuifuta.

Msukuma_Perth
Kura za kufuta biashara ni ugonjwa. Watu hawapingi kwa sababu ni wizi, wanapinga kwa sababu siyo wao walionufaika. Watu wazima wawili wakikubaliana, waacheni.

mama_footscray
Watu wazima wawili mmoja akiwa na shemeji klabuni?

NairobiMagpie
Hata klabu zenyewe zinafanya mambo ya ajabu kuliko hayo. 2022 Gold Coast walimpa Geelong mchezaji, Jack Bowes, NA chaguo la saba la drafti (zamu ya kuchagua vijana wapya), wakapewa chaguo la raundi ya tatu la mwaka unaofuata. Ungefanya hiyo kwenye ligi ya kazini ungeitwa ofisini.

Bwana_Cats
Haikuwa ajabu. Mshahara wa Bowes kwa miaka iliyobaki ulikuwa mzito na Gold Coast walihitaji nafasi chini ya kikomo cha mishahara. Chaguo la saba lilikuwa malipo ya kuubeba mzigo. Geelong wakaubeba huku wametoka kutwaa ubingwa mwezi uliotangulia. Hiyo inaitwa kujua kazi.

NairobiMagpie
Usinikumbushe kikomo cha mishahara. Nilikuwa bado naishi Melbourne 2020. Collingwood, timu yangu, walimtoa Treloar, Stephenson na Tom Phillips kwa mpigo kwa sababu hesabu zilikataa. Treloar alikuwa na mkataba wa miaka mingi na alishasema hadharani hataki kuondoka.

Msukuma_Perth
Na bado alienda kwa sahihi yake mwenyewe. AFL si kama Marekani ambako unaamka asubuhi umeshauzwa. Mwenye mkataba asipokubali, haendi.

NairobiMagpie
Sahihi ya mtu aliyeambiwa hatakiwi ni sahihi gani hiyo?

KuliWaLaverton
Wakuu, mimi bado niko hapa 😅 Ofa ya Gawn au ya English?

mama_footscray
Hujajibu swali moja, na ni kosa langu sikuliuliza mapema. Wiki ikianza unaweka maruki wangapi uwanjani?

KuliWaLaverton
Mmoja.

NairobiMagpie
MMOJA???

Bwana_Cats
Uzi mzima tunagombana, kumbe kila wiki Gawn au English anakaa benchi.

KuliWaLaverton
Ndiyo, kwa kawaida English. Nilidhani mnajua.

mama_footscray
Kwenye mchezo mkubwa wa AFL Fantasy unaweka wawili, ndiyo maana kila mtu hapa alidhani wote wanacheza. Kama ni mmoja, basi pointi za English wewe huzipati kabisa. Ofa ya pili inakupa Butters, mtu atakayecheza kila wiki, kwa mtu asiyecheza. Sioni kinachokufanya usite.

Msukuma_Perth
Kinachomfanya ni hiki: Gawn akiumia Jumamosi, Jumapili ataweka nani? Katika ligi ya watu kumi, ruki mzuri hapatikani kwenye waliobaki. Utamweka yule anayeitwa tu mkubwa akiugua, akuletee 45. English benchini ni bima.

NairobiMagpie
Bima ya bei ya Butters?

Halafu maruki wawili wakubwa kwenye timu moja tulishaona mwisho wake. Melbourne walikuwa na Gawn, wakamchukua Brodie Grundy kwetu mwishoni mwa 2022, sisi tukiendelea kulipa sehemu ya mshahara wake. Msimu wa 2023 haujaisha, Grundy anacheza VFL, ligi ya chini. Mwaka ulipoisha akaenda Sydney. Sisi bila yeye tukachukua kombe.

Msukuma_Perth
Na 2021 Melbourne walichukua kombe wakiwa na Gawn na Luke Jackson. Mbona hiyo unairuka?

NairobiMagpie
Jackson alikuwa anacheza mbele na kupokezana, halafu anakimbia kama kiungo. Grundy na Gawn wote walitaka kiti kimoja. Tofauti iko hapo.

Baba_Esther_Shepp
Na viungo unao tayari, umesema "si haba". Butters ni kiungo. Sasa umesawazisha nini? Beki hauna, fowadi hauna. Mwambie akupe Whitfield kwa English. Basi.

Bwana_Cats
Huyu mzee wa Shepparton anaongea mara chache ila akiongea…

mama_footscray
Kweli, hapo nimeshindwa. English kwa Whitfield, unabaki na Gawn, unaziba beki. Ila jamaa hatakubali kirahisi, na kwa ligi ya kubaki na wachezaji Butters anakufaa zaidi kwa miaka inayokuja. Inategemea unataka kushinda lini.

BwanaMdogo_Dandenong
Nje ya mada kidogo. Aliir si ndiye yule aliyezaliwa Kakuma?

TurkanaKwaMoyo
Ndiye. Kakuma, 1994, wazazi wa Sudan Kusini. Port Adelaide walimtoa Sydney 2020, na mwaka uliofuata tu akaingia kikosi cha All-Australian, yaani wachezaji bora wa msimu. Wakenya tunamdai kidogo.

Bwana_Cats
Wakenya mnadai kila mtu aliyekanyaga Kenya.

TurkanaKwaMoyo
Kuzaliwa si kukanyaga, ndugu. Mac Andrew amezaliwa Misri, hatumdai. Majak Daw amezaliwa Khartoum, hatumdai. Huyu ni wa kwetu kwa cheti.

Bwana_Cats
Cheti cha Kakuma kilimpa uraia? Acheni hizo. Wao wenyewe wanajua ni watu wa wapi.

Msimamizi
Mada ya nani ni wa nani ianzishiwe uzi wake, tafadhali. Hapa tunajadili biashara ya ligi.

ZamaniNilichezaFutsal
@KuliWaLaverton swali dogo. Ofa alikuletea siku gani?

KuliWaLaverton
Leo.

ZamaniNilichezaFutsal
Leo Jumatano.

KuliWaLaverton
Kaka usinitie hofu. Hana shemeji, namjua. Ni Mvietinamu, ana mke Footscray na dukani kwao nanunua mihogo.

Nimemwandikia Whitfield kwa English kama mzee alivyosema. Amejibu sasa hivi: anakubali, ila nimuongezee Aliir.

TurkanaKwaMoyo
Aliir haendi popote.

Baba_Esther_Shepp
Apana apana. Utaziba shimo moja ufungue lingine palepale.

Msukuma_Perth
Si nilisema? Ruki hauzwi.

mama_footscray
Mjibu hivi: English na chaguo lako la raundi ya pili mwaka ujao, kwa Whitfield. Kama ligi yenu inaruhusu kuuza machaguo ya mbele. Inaruhusu?

KuliWaLaverton
Ngoja nimuulize bosi.

BwanaMdogo_Dandenong
Bosi mwenye Daicos?

NairobiMagpie
Wakati anauliza, mechi ya kesho inaanza saa ngapi kwa saa za huku?

Bwana_Cats
Huku ni saa moja na nusu usiku, kwenu itakuwa saa sita na nusu mchana. Ombeni ruhusa kazini.