Naomba ushauri: Ares na Mars niwaweke pamoja au niwatenganishe?

Wakuu habari zenu, nimepewa dakika 10 Jumamosi niongee kwenye kikundi chetu cha kusoma, mada ni miungu ya vita ya Wagiriki na Warumi, mi nikajua kazi rahisi, Ares wa Wagiriki ndo Mars wa Warumi, jina tu limebadilika. Kumbe wapi! Huyu Ares hata kwao hawamkubali, kwa Homer, yule mshairi wao wa kale, anachomwa mkuki tumboni na Diomedes, binadamu tu, ila mungu wa kike Athena ndo anausukuma ule mkuki, jamaa anapiga ukelele kama wa watu elfu tisa au kumi halafu anakimbilia kwa babake Zeus, mkuu wa miungu, kushtaki, mzee naye anamwambia live kati ya miungu wote wewe ndo nakuchukia zaidi. Mungu wa vita huyo eti 😂

Sasa Mars kule Roma ni mheshimiwa, baba wa Romulus na Remus, wale mapacha wa hadithi ya kuanzishwa kwa Roma, wakulima wanamwomba awalindie mashamba na mifugo, Machi imetokana na jina lake, na mwaka 2 KK mtawala wa Roma, Augustus, akamzindulia hekalu kama Mars Mlipiza Kisasi.

Tena kuna Athena wa vita vya akili, na Bellona, mungu wa kike wa vita wa Warumi, mbele ya hekalu lake palikuwa na nguzo, kuhani anarusha mkuki kupita juu yake ndo vita imetangazwa.

Sa nibaki na Ares na Mars tu au niwaingize na hawa wamama? Na nianze na nani watu wasisinzie?