Kikundi cha Familia: Dashi ya Zuhura

Zuhura (Kyoto): Shikamooni wote. Oyakata, mkuu wa jiko, kaonja dashi yangu (supu ya msingi ya Kijapani), kaimwaga, hakusema neno. Vipimo ni vilevile: maji lita 1, kombu (mwani mkavu) gramu 10, katsuobushi (samaki mkavu wa vipande vyembamba) gramu 30. Kosa liko wapi?

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Kombu uliitoa lini?

Zuhura: Maji yalipoanza kuchemka.

Shangazi Mwanaidi: Umechelewa. Ikichemka inatoa utelezi na shombo la pwani wakati wa maji kupwa. Iloweke kwenye maji baridi nusu saa au zaidi, halafu moto mdogo kabisa, ushikilie nyuzi 60 kwa saa nzima. Bonyeza sehemu nene kwa ukucha. Ukizama, itoe. Na ule unga mweupe juu yake usiuoshe, ni sehemu ya ladha. Pangusa tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Kaka Faraji: Ukishatoa kombu, pandisha hadi nyuzi 80 au 85, zima moto, mimina katsuobushi yote kwa mkupuo. Usikoroge. Ikizama, dakika 1 au 2, chuja kwa shashi. Hukukamua lakini?

Zuhura: Nilikamua kidogo isipotee 🙈

Kaka Faraji: Hilo ndilo la pili. Ukikamua, ukali wa samaki unatoka na supu inaingia ukungu. Dashi ya kwanza ni ya supu angavu, mlaji anaona mpaka chini ya bakuli. Na hakuna kinachopotea! Makapi yarudishe sufuriani na maji mapya, yatokose dakika 10, ongeza kiganja cha katsuobushi mpya, chuja, hapo ukamue utakavyo. Hiyo ni dashi ya pili, ya kupikia mboga na supu ya miso, ile soya iliyochachushwa.

Bibi: Zuhura, mwani wa Paje haufai? Tukutumie.

Zuhura: Shikamoo Bibi 😍

Bibi: Marahaba mjukuu wangu.

Shangazi Mwanaidi: Mama, haufai kwa hili. Wa Paje unalimwa kwa ajili ya ute wa kugandisha vyakula. Kombu ya Hokkaido ni jamii nyingine, imejaa glutameti, ile ladha aliyoitenga Profesa Kikunae Ikeda mwaka 1908 akaiita umami. Katsuobushi ni jodari mdogo aliyekaushwa kwa moshi, ana inosineti, nayo ni ya umami. Zikikutana, ladha inapanda kuliko ukizijumlisha moja moja.

Bibi: Na dagaa?

Shangazi Mwanaidi: Dagaa naam! Wenzetu wanawaita niboshi. Toa kichwa na utumbo, ndiko uchungu unakokaa, uwaloweke usiku kucha. Ila hiyo ni dashi ya nyumbani, kwa oyakata asiipeleke.

Mjomba Idi: Si umwombe akuandikie vipimo?

Kaka Faraji: Mjomba, kwa heshima, wakati wa kazi asiulize. Kule ni minarai, kujifunza kwa kutazama. Ajibu "hai", yaani ndiyo, na kabla ya kuosha sufuria aonje tone lililobaki, alilinganishe na la nikata, mpishi wa vyakula vya kuchemsha. Maji ya Kyoto ni laini, kwa hiyo lawama haiendi kwenye maji.

Zuhura: Asante Kaka. Figili nayo? Kwenye katsuramuki, kuimenya iwe ukanda mrefu mwembamba, ukanda unakatika, na pande langu limechongoka kama koni.

Kaka Faraji: Koni maana yake unabana upande mmoja. Kata pande la sentimita 12, lichonge kwanza liwe duara sawasawa juu na chini. Kisu cha usuba kipande na kushuka tu, kisisukumwe mbele. Mkono wa kushoto ndio unaozungusha figili kuja kwenye makali. Dole gumba likae juu ya ukanda, lihisi unene kabla jicho halijaona.

Zuhura: Kisu kinazama ndani chenyewe.

Kaka Faraji: Basi tazama kinoo. Usuba ina makali upande mmoja. Laza ule mteremko wote juu ya jiwe la kunolea namba 1000, usiinue mkono hata kidogo, mpaka usikie ukwaru upande wa pili. Geuza, laza mgongo bapa kabisa, vuta mara 2 au 3 kuutoa. Ukiinua mgongo, umekiharibu kisu. Na jiwe lenye bonde lisawazishe kwanza.

Zuhura: Lina bonde katikati 😮

Kaka Faraji: Anza nalo kesho, kabla hujagusa figili.

Zuhura: Hai!