Nimechekwa ukumbi mzima eti talaka yangu haiwezi kuwa Supreme Court

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Wa kunicheka jipangeni foleni.

Yule bwana mnamjua. Msimtaje, msimamizi atafuta uzi. Yule ambaye kila arobaini, kila send-off, kila mtoto akimaliza chekechea, lazima maiki iishie mkononi mwake. Sasa jana kwenye ubatizo hapa Bronx mzee mmoja kaniuliza kwa upole, "Mwanangu, yale mambo yako na mwenzio yamefikia wapi?" Nikamjibu, "Yako Supreme Court, Baba, tunamsubiri jaji." Basi. Sikuongeza hata nukta.

Yule bwana akapiga meza soda zikaruka. "JAMANI! TALAKA YA SUFURIA MBILI NA KOCHI LA KUOKOTA IMEFIKA SUPREME COURT!" Kwa maiki! Watu walicheka mpaka mbatizwa akaamka analia. Kuna mama alipaliwa na kachumbari ikabidi apigwe mgongo.

Kochi sikuokota. Risiti ninayo.

New York hii, mahakama inayovunja ndoa ni Supreme Court peke yake. Ukienda Family Court watakusikiliza habari za malezi na matunzo ya watoto, ukitamka talaka wanakuonyesha mlango. Jina lake maana yake ni "ya juu kabisa", ila Supreme ya hapa ndiko kesi zinakoanzia, iko kila kaunti, na kaunti ziko 62. Ya kwetu Bronx iko Grand Concourse, unavua mkanda mlangoni unaingia umeshikilia suruali, tajiri na maskini. Nimelipa dola 210 za namba ya jalada, nani analipa hela hiyo ili aje adanganye watu kwenye ubatizo? Ukishindwa hapo unapanda Appellate Division. Ya juu kabisa ni Court of Appeals, iko Albany, majaji saba. Na Supreme ya New York ipo tangu 1691, Marekani yenyewe haijazaliwa, yeye anataka ibadilishwe jina ili asiaibike!

"SUFURIA MBILI." Mbele ya mama mkwe! Na alijipanga, wakuu. Alimeza kwanza kuku, akafuta mdomo kwa kitambaa, akaikoholea ile maiki, ndipo akapiga meza. Mtu anaijua ile Supreme ya Washington, ya juu kabisa Marekani nzima, ya majaji tisa kwa sababu anaiona kwenye taarifa ya habari, basi keshakuwa wakili wa ukoo. Yuko New York tangu enzi za kukwangua kadi za kupigia simu nyumbani!

Kochi la kuokota. Mimi!

Mla Bata wa Yonkers: Pole mkuu. Kwa hiyo sufuria ni ngapi hasa?

Mleta uzi: Nne. Na kikaango.

Mama Pacha: Tumefundishwa mahakama zote, ila kwa nini mke kaondoka hatujaambiwa. Nimevuta kiti.

Wakili wa Kibarazani: Mleta uzi yuko sahihi, na vichekesho havijaisha. Hao wa Supreme ya chini ndio wanaitwa Justice, wakubwa wao wa Albany ni Judge tu.

Kijana wa Baltimore: Nyie mna afadhali, jina lenu limetulia. Maryland tulikuwa hivyohivyo, ya juu ikiitwa Court of Appeals. Novemba 2022 tukapigishwa kura, Desemba ikageuka Supreme Court of Maryland. Nilishamkaririsha binti yangu kwa ajili ya mtihani. Kakosa, mama yake ananinunia mimi.

Mtu wa Houston: Njooni Texas muone za juu mbili, moja ya madai ndiyo Supreme, nyingine ya jinai, majaji tisa huku tisa kule. Shemeji yangu alipigana harusini, nikamtisha wakili kwamba tutafika Supreme. Alicheka sana. Na kicheko chenyewe nadhani kilikuwa kwenye bili.

Mkenya Halisi: Wabongo hata kwenu hakuna Supreme Court, mtazoea wapi? Sisi tunayo kwa Katiba ya 2010, na 2017 ilifuta uchaguzi wa rais.

Ngosha Mstaafu: Kwetu tangu 1979 ya juu ni Mahakama ya Rufani, jina sawasawa na la New York. Tumekukosea nini? Wewe si ndiye ulikula chapati sita jana?

Mkenya Halisi: Zile ziliitwa chapati? Nilidhani ni za kuzibia bati.

Mama Pacha: Chapati nilipika mimi. Rudia hilo neno.

Mla Bata wa Yonkers: Nilichanga dola hamsini nikapata bawa la kuku na shingo. Kamati ya chakula ijitokeze.

Mleta uzi: Wakuu, mada.

Mama Pacha: Nyamaza wewe, namsubiri huyu wa bati.

Dereva wa Usiku: Bawa ni nini? Mimi nimetoka pale na tiketi ya dola 115, eti nimeegesha kwenye bomba la zimamoto. Bomba lenyewe mwenye sherehe alilifunga maputo, ningeliona vipi?

Mtu wa Houston: Yalikuwa rangi gani?