Naomba ushauri: herufi ndogo za stika hazishiki kwenye bodi ya bajaji

Habari zenu wakuu. Nipo Mwanjelwa, Mbeya, nakata na kubandika stika za vinaili. Kwa baridi hii ya Julai, nikibandika asubuhi herufi ndogo zinakataa kushika: nikivuta karatasi ya juu (ile ya kuhamishia herufi kwenye bodi), mkia wa "g" na nukta ya "i" vinarudi nayo. Vioo havisumbui kabisa, ni bati la rangi tu. Nimefuta kwa spiriti, nikapasha bodi kwa draya ya nywele. Afadhali, ila kesho yake kingo zinainuka. Kisu cha mashine ni kipya.

Wenzangu wa huku kwenye baridi, Makambako na Njombe hasa, mnapasha tena stika baada ya kubandika? Na herufi za chini ya sentimita 2 mnabandika kavu au kwa maji ya sabuni? Mteja anarudi keshokutwa, nataka aondoke na kazi ya kudumu.