Mabel Normand: kasi sahihi ya filamu zake ni ipi, na nianze na ipi?

Mkanda35:
Wadau, habari. Namtafuta Mabel Normand, yule mchekeshaji wa filamu za kimya. Kopi zilizopo mtandaoni watu wanatembea kama wanakanyaga makaa, na majalada yote yanamtaja Chaplin tu. Kasi sahihi ni ipi? Ni kweli Mabel aliwahi kumwongoza Chaplin? Na mbona alitoweka mapema?

Fundi wa Projekta:
Kamera za enzi zile zilizungushwa kwa mkono, takriban picha 16 kwa sekunde, na mkono wa mtu si saa. Mkanda wa futi 1,000 una picha 16,000. Kwa kasi hiyo unachukua dakika 16 na sekunde 40, ila ukichezwa kwa picha 24, kasi ya filamu za sasa, unaisha kwa dakika 11 hivi. Kwenye kichezaji chako, punguza kasi hadi 0.75 kwanza, kisha shuka kidogo kidogo. Pima kwa tukio la mtu anayeketi au kumimina maji, usipime kwa kufukuzana: Keystone, studio aliyofanyia kazi Mabel, walizungusha kamera polepole makusudi ili mbio zionekane za wazimu. Ukizituliza hizo, umeua kichekesho.

Na ile midomo myeusi utakayoiona si kosa la kopi. Filamu ya wakati huo haikuona rangi nyekundu.

Bi Sinema:
Alimwongoza, ndiyo, tena zaidi ya mara moja. Caught in a Cabaret ya 1914 ni kazi yake. Kwenye Mabel at the Wheel, mwaka huohuo, Chaplin aligoma kupokea maelekezo yake mpaka Mack Sennett, mwenye Keystone, akaingilia kati. Hata yale mavazi ya kofia na fimbo, Chaplin aliyavaa kwanza wakati wa kupiga Mabel's Strange Predicament. Kid Auto Races at Venice iliitangulia sokoni kwa siku mbili tu, tarehe 7 Februari 1914.

Majalada ni ujanja wa wasambazaji. Chaplin alipovuma walizitoa filamu upya, wakazikata na kuzibatiza majina mengine. Tafuta kwa jina la asili na mwaka, halafu angalia urefu: Tillie's Punctured Romance ni ya mikanda sita, kwa hiyo kopi ya nusu saa imechinjwa.

Fundi wa Projekta:
Kutoweka kwake kulikuwa kwa hatua. Filamu yake Mickey ilikaa kabatini hadi 1918, ikatoka na kuvuma sana, naye tayari yuko kwenye studio ya Goldwyn. Tarehe 1 Februari 1922 mwongozaji William Desmond Taylor aliuawa, muda mfupi baada ya Mabel kumtembelea. Siku ya Mwaka Mpya 1924 dereva wa Mabel alimpiga risasi tajiri Courtland Dines, ambaye alipona. Magazeti yakamla Mabel mzima mzima. Alirudi 1926 kwa mtayarishaji Hal Roach na filamu fupi chache, kisha kifua kikuu kikamuua tarehe 23 Februari 1930. Watu hupenda kusimulia kashfa. Mimi naona maradhi yanastahili lawama kubwa zaidi.

Mkanda35:
Asanteni sana. Basi nianze na ipi?

Bi Sinema:
The Extra Girl, 1923. Kuna mahali anamvuta simba wa kweli kwa kamba akidhani ni mbwa aliyevishwa ngozi ya simba. Mtazame uso pale anapogundua. Wengine wangerusha mikono juu, yeye anaanza na macho. Baada ya hapo rudi 1914.