Watoto wa sasa wana wasiwasi kuliko wa zamani, au ni usanii wa takwimu?

Mleta mada: Wakuu, mdogo wangu wa chuo kaniletea swali. Zamani wastani wa watoto kwenye kipimo cha wasiwasi ulikuwa 15, leo umepima watoto 25 ukapata 19, standadi devieshi (kiasi alama zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani) 10, je wasiwasi umebadilika? Nikapiga t, yaani tofauti ya 4 ukigawa kwa (10 gawa kwa mzizi wa 25), ikaja 2 kamili. Kwa mikia miwili (unapima kupanda au kushuka), kiwango cha 0.05 (kama hakuna mabadiliko, nafasi ya kudanganywa na bahati ni 5 kwa 100), mpaka ambao t lazima iuvuke ni 2.064, hujafika, hakuna mabadiliko. Kwa mkia mmoja (unapima kupanda tu) mpaka ni 1.711, umevuka, watoto wana wasiwasi zaidi! Watoto walewale, majibu yaleyale. Sasa mtu akisema kwenye TV "utafiti umethibitisha" nimwamini kwa lipi?

Jibu: Usanii ni wa anayechagua mkia akishaona majibu. Swali linasema "umebadilika", halisemi "umeongezeka", basi ni mikia miwili, kwisha. Ila na wewe mkuu umeteleza, kutofika mpaka sio kwamba hakuna mabadiliko, ni ushahidi haujatosha. Kesi ya kuku ikifutwa haina maana kuku hakuibiwa.

Jibu: Naongezea. Pima watoto 2,500, tofauti iwe 0.4 tu badala ya 4, t ni 2 ileile, na hapo mpaka unashuka karibu 1.96 so umevuka. Hiyo 0.4 mzazi gani ataiona nyumbani??

Jibu: Mnabishania mikia ng'ombe mwenyewe hamjamtazama. Mwanasaikolojia Jean Twenge wa Marekani mwaka 2000 alikusanya tafiti za 1952 hadi 1993, akakuta mtoto wa kawaida wa miaka ya 80 anajieleza kuwa na wasiwasi kuliko watoto waliokuwa wanatibiwa akili miaka ya 50. Hiyo sio 0.4. Shida yangu mimi ni kipimo, maana mtoto anajaza mwenyewe ndiyo au hapana, na kile maarufu cha 1956 kilikuwa na maswali 42 ya wasiwasi na mengine 11 ya kumnasa anayejipamba, yaani hata waliokitunga walijua watoto wanaficha. Sasa kama wa zamani aliona aibu kusema naogopa na wa leo haoni, alama zitapanda na hofu iko palepale, hiyo t itajuaje?

Mleta mada: Mkia mmoja nimeuachia. Ila kazi inakusanywa kesho asubuhi, aandike "ushahidi hautoshi"?

Jibu: Aandike hivyohivyo, na 2.064 aionyeshe.